Sauti ya Chizuru Kinywani mwa Honoka

Hasira ya Nagumo Chizuru ilimpanda saa nne asubuhi, wakati wa mapumziko ya chai, akiwa amevua glavu moja tu. Mkono wenye glavu ulikuwa mweusi kwa vumbi la chuma. Mkono mtupu ulishika simu, na kwenye simu palikuwa na orodha: waimbaji wa kike kumi, wapya, ambao mwandishi mmoja wa Tokyo aliwataka wasomaji wake waanze kuwafuatilia mwaka huu kabla nchi nzima haijawajua. Wa sita alikuwa Tsukioka Honoka, miaka kumi na minane, wa kundi la Hatsumizore la Niigata.

"Sauti yake," aliandika mwandishi, "ni ya mtu anayelia huku akicheka. Sikiliza anavyovuta pumzi kabla ya kiitikio, kama mtoto aliyetia mguu kwenye maji baridi. Sauti ya namna hii haifundishiki."

Chizuru alisoma mara tatu. Kisha akacheka, cheko moja kavu, hata mama wa mashine ya jirani akageuka na kikombe chake.

"Kuna nini, Chizu?"

"Kuna mtu kanisifu."

"Sasa mbona umevimba?"

"Kanisifu kwa jina la mwenzangu."

Kwa maana pumzi ile ilikuwa yake. Kilio kile kilikuwa chake, na kicheko pia.

Alizaliwa Tsubame, mji wa vijiko na masufuria, katika nyumba ambayo upande mmoja ulikuwa karakana. Baba yake aling'arisha chuma. Gurudumu lake liliimba noti moja kutwa nzima, asubuhi hadi jioni, na mtoto akajifunza kuimba juu ya noti hiyo, kwa nguvu, ili asikike. Baba hakuwa mtu wa kusifu. Lakini siku moja, Chizuru akiwa na miaka minane, baba alizima mashine akiwa katikati ya kijiko. Akasikiliza wimbo mpaka ukaisha, akiwa ameinamisha kichwa, halafu akawasha mashine tena bila kusema neno. Chizuru aliishi kwa ile dakika moja miaka mingi.

Alipotimiza miaka kumi na tisa aliingia Hatsumizore. Walikuwa wasichana watano, kila mmoja na rangi yake ambayo mashabiki waliipunga kwa vijiti vya taa. Yake ilikuwa zambarau. Nafasi ya kila mmoja jukwaani ilipimwa kwa foleni. Kila onyesho lilipokwisha wasichana walisimama kwenye meza zao, mashabiki wakapanga mstari kupiga picha na waliyempenda na kuzungumza naye dakika moja. Mwenye foleni ndefu alisogezwa mbele. Foleni ya Chizuru haikuwahi kupita watu tisa. Hakuwa na sura mbaya. Alikuwa na uso wa mtu anayesikiliza, na kwenye picha uso huo hutoka kama uso wa mtu aliyechoka. Kwa hiyo alisimama nyuma, kona ya kushoto, miaka saba. Siku za kazi aling'arisha vijiko kiwandani kama baba yake. Jumamosi na Jumapili aliimba. Sasa alikuwa na miaka ishirini na sita, mkubwa kuliko wenzake wote.

Katika kazi ile, kuimba peke yake hakutoshi. Wasichana huruka na kuzunguka mpaka pumzi inakatika, kwa hiyo chini ya muziki hutandikwa sauti iliyorekodiwa mapema, na wao huimba juu yake. Huita hiyo tandiko. Hakuna aonaye aibu kwa tandiko, mradi sauti iliyotandikwa ni ya mwimbaji mwenyewe.

Vuli iliyopita ulikuja wimbo mpya, "Mizore ya Machi," yaani mvua ya Machi iliyochanganyika na theluji, na sehemu yake kubwa alipewa Honoka. Honoka hakujua kusoma noti. Alijifunza kwa kusikia. Ndipo meneja wao, Kuwabara, alipomwita Chizuru chumba cha kurekodia aimbe wimbo wa mfano.

"Mwimbie kama yeye, Chizu," alisema. "Ukiimba kama wewe ataogopa, atakimbia."

Na Chizuru, kwa kumpenda yule mtoto, akafanya kosa ambalo mpaka leo humuuma. Alifanya vizuri kupita kiasi. Alikaa siku mbili akimsikiliza Honoka anavyoongea, anavyomeza mwisho wa maneno, anavyojikwaa kabla ya kucheka. Akaikunja sauti yake kubwa, kama mtu mzima anavyokunja miguu kwenye kiti cha shule ya chekechea, akaimba vile Honoka angeimba kama angejua kuimba. Ilikuwa zawadi: hii hapa njia, ni ya miguu yako, pita.

Honoka hakupita. Siku ya kurekodi koo lilikuwa limemkauka, wiki ikawa ya mitihani, na Kuwabara akaiacha sauti ya mfano mahali pake. "Kwa muda tu," alisema. Desemba, onyesho la kwanza, Chizuru akiwa kona yake ya kushoto alijisikia mwenyewe akitoka kwenye spika, huku mbele yake Honoka akifungua na kufunga kinywa. Alinyamaza. Kwa muda tu. Januari ikapita, Februari ikapita, na sasa orodha ilikuwa imetoka.

Siku hiyo hiyo, zamu ilipokwisha, alipanda treni mpaka Niigata na kwenda ofisini bila kubadili nguo. Ofisi ilikuwa juu ya duka la kimono lililofungwa, kwenye mtaa wa maduka wa Furumachi. Kuwabara alikuwa anakula tambi.

"Bosi, umeiona orodha?"

"Nimeiona? Nimeichapa! Itabandikwa mlangoni."

"Basi mwandikie yule mama mwandishi. Mwambie sauti ni ya nani."

Kuwabara akaweka vijiti vya kulia juu ya bakuli. "Chizu, keti."

"Siketi."

"Unajua ni makundi mangapi ya mikoani yamewahi kutajwa pale? Tumesota miaka minane. Kundi ni moja, Chizu. Honoka akisifiwa, umesifiwa wewe."

"Kwa hiyo nikipigwa kofi mimi, atavimba Honoka?"

"Usinichekeshe, nina tambi mdomoni."

"Sikuchekeshi."

Sauti ya Kuwabara ikalainika kama ya daktari. "Nilikuwa nafikiria jambo hata kabla ya leo. Umri wako. Machi ni mwezi wa kuhitimu. Tukufanyie sherehe nzuri, ukumbi mzima uwe zambarau. Tarehe ishirini na mbili, Jumapili, mchana. Siku hiyo hiyo na huyo mwandishi anakuja, Iriyama. Utaagwa mbele ya wageni wa Tokyo. Nani mwingine amepata hivyo?"

Chizuru alielewa. Katika kazi ile hakuna anayefukuzwa; watu huhitimu. Unainama, unasoma barua ya shukrani, unalia, rangi yako inapungwa kwa mara ya mwisho, na kesho yake jina lako limefutwa kwenye tangazo. Alikuwa anatolewa nje kwa maua.

"Barua yako nitaipitia kwanza," Kuwabara aliongeza. "Ni kawaida."

"Kuna kawaida nyingine. Anayehitimu huchagua wimbo wa mwisho, na anaimba peke yake."

"Chagua."

"'Mizore ya Machi.' Na tandiko litolewe."

Kuwabara alinyanyua nyusi. Kisha akacheka, si kwa ubaya, akachukua vijiti vyake. "Imba, Chizu. Imba unavyotaka."

Chizuru alishuka ngazi akiwa na hakika kwamba kicheko kile kilikuwa cha hofu.

Wiki mbili zilizofuata alimkwepa Honoka. Kwenye mazoezi alimpita kama anavyopita kiti. Mwishowe Honoka alimfuata kwenye chumba cha kuvalia, mkononi ana matonge mawili ya wali yaliyofungwa kwa mwani, akamnyooshea moja.

"Dada, umeninunia."

"Sijakununia. Nimekukasirikia. Ni vitu viwili."

"Ni la samaki. Unalipenda."

"Liweke pale."

Honoka akaliweka. Akakaa sakafuni, magoti kifuani. "Unadhani mimi naifurahia? Mama yangu kanipigia simu analia, eti hakujua mwanawe ana sauti namna ile. Mama yangu, dada! Aliyenilea! Nikiwa bafuni nyumbani siimbi tena, naogopa atanisikia."

"Ungesema."

"Na wewe ungesema. Umesikia tangu Desemba ukanyamaza. Wewe ndiye mkubwa. Ulitaka nianze mimi?"

Hasira ya Chizuru ikazidi, kwa sababu ilikuwa kweli. "Jumapili nitaimba. Watajua wenyewe."

"Na mimi nitakuwa wapi wakijua?"

"Nyuma, kona ya kushoto. Mimi nimesimama pale miaka saba. Miguu huzoea."

Honoka alikula tonge lake lote, taratibu, huku machozi yakimdondoka, kisha akaondoka akiacha la pili palepale.

Jumapili theluji ya barabarani ilikuwa imegeuka tope. Ukumbi ulikuwa chini ya ardhi, umejaa, unanuka makoti mabichi, na ulikuwa zambarau tupu. Chizuru hakuwahi kuona rangi yake ikiwa nyingi namna ile. Mashabiki wa wenzake wote walikuwa wamebadilisha vijiti vyao kwa heshima ya kumuaga. Nyuma, ukutani, alisimama Iriyama, mwanamke mfupi mwenye miwani, daftari mkononi. Honoka na wengine watatu walisogea kona ya kushoto wakamwachia jukwaa.

Muziki ukaanza, mtupu, bila tandiko. Chizuru alikuwa ameshaamua: ili watu waijue sauti, lazima iwe ile ile. Akavuta pumzi ya mtoto aliyetia mguu kwenye maji baridi. Akaimba akimeza mwisho wa maneno, akijikwaa kabla ya kucheka, kila kitu mahali pake.

Ukumbi ukatulia. Akawaza: wamejua.

Kisha mtu wa katikati ya ukumbi akacheka, kicheko kitamu cha kufurahishwa. Mwingine akafuata.

"Anamwigiza Honoka!" mmoja akapiga kelele.

"Sawasawa kabisa! Hata pumzi!"

Makofi yakalipuka. Vijiti vyeupe, rangi ya Honoka, vikaanza kuwaka katikati ya zambarau, kumshangilia aliyeigwa. Nyuma ukutani Iriyama alitabasamu na kuandika kitu.

Hapo Chizuru akakielewa kicheko cha Kuwabara. Mkononi mwake hakuwa na ushahidi wowote. Wao walimjua Honoka wa spika, na yeye alikuwa mchekeshaji anayemuaga mwenzake kwa mzaha wa mapenzi. Damu ikampanda masikioni. Ubeti wa pili akaitupa sauti ile ya kukunjwa, akafungua koo, akaimba kwa sauti yake mwenyewe, ile ya juu ya gurudumu. Ilijaa ukumbi mpaka dari. Watu wakanyamaza kwa adabu. Wakapunga zambarau polepole, kama watu wanavyoitikia kwa kichwa mgeni anapoongea lugha wasiyoijua. Hakuna aliyetambua chochote. Wangetambua vipi? Sauti hiyo hawakuwahi kuuziwa.

Akiimba kama Honoka, alikuwa kivuli cha Honoka. Akiimba kama Chizuru, hakuwa mtu. Alikuwa ameijenga mwenyewe nyumba ile kwa siku mbili za mapenzi, na Kuwabara alichofanya ni kufunga mlango tu.

Akaacha kuimba. Katikati ya mstari, kipaza sauti kikining'inia mkononi, muziki ukaendelea peke yake. Mashabiki walidhani analia, wakaanza kuita jina lake kumtia moyo. Hakuwa analia. Alikuwa anatafuta kitu cha kupiga teke.

Ndipo Honoka alipotoka kona ya kushoto. Alitembea mpaka mbele, akakichukua kipaza sauti kwenye vidole vya Chizuru, na kiitikio kilipofika akakiimba.

Sauti ilikuwa nyembamba kama uzi. Ilikosa noti ya tatu, ikateleza, ikajaribu kurudi, ikavuta pumzi mahali pasipo pumzi. Hapakuwa na kilio ndani yake wala kicheko. Palikuwa na msichana anayetetemeka. Mashabiki walicheka kidogo mwanzoni, wakidhani sasa ni zamu ya Honoka kujiigiza vibaya. Halafu kicheko kikakosa pa kwenda. Kuwabara alionekana akisukuma watu kuelekea meza ya fundi wa sauti, akifanya ishara kwa mikono miwili: weka tandiko, weka! Fundi, mzee wa watu, alikunja mikono kifuani akatazama dari.

Honoka aliimba mpaka mwisho. Vijiti vyeupe vilikuwa vimeshuka kimoja kimoja kama watu wanaokaa.

"Huyu ndiye mimi," alisema. "Ile nyingine ni ya Dada Chizuru. Yote, tangu Desemba. Yeye hakuniiga. Mimi ndiye niliyekuwa nafungua mdomo."

Chizuru alipaswa kufurahi. Hiki ndicho alichokitaka, kimesemwa wazi, mbele ya Niigata na Tokyo. Badala yake akahisi hasira mpya, kubwa kuliko ya kwanza, ikimpanda kutoka kwenye visigino. Hata ukweli wake ulikuwa umetoka kinywani mwa Honoka. Mtoto wa miaka kumi na minane ndiye aliyelipa, na watu wazima wote wa ukumbi ule, yeye akiwa wa kwanza, walikuwa wamesubiri alipe.

Akakichukua kipaza sauti.

"Mfukoni nina barua," alisema. "Bosi ameipitia. Inasema asante mara kumi na moja. Sitaisoma." Mtu mmoja akaanza kupiga makofi, akajiona peke yake, akaacha. "Jina langu ni Nagumo Chizuru. Mlimpenda mtu ambaye hayupo. Nilimtengeneza mimi, nikaombwa, nikakubali, nikanyamaza. Msimzomee huyu mtoto. Mkitaka kuzomea, bosi yuko pale na mimi niko hapa."

Hakuna aliyezomea. Hakuinama. Alishuka.

Kwenye korido Kuwabara alimkingia njia, uso mweupe. "Umetuua, Chizu. Umeelewa? Miaka minane!"

"Sijaua mtu, bosi. Nimehitimu."

Tiketi za picha zilikuwa zimeshauzwa, kwa hiyo meza zilipangwa na wasichana wakasimama, kila mmoja kwenye yake. Iriyama alikuja kwanza, bila tiketi, daftari limefungwa.

"Bi Nagumo, naomba radhi. Nitairekebisha orodha leo hii."

"Utaandika jina langu?"

Mwandishi akarekebisha miwani. "Nitamwondoa Tsukioka. Lakini, unaona, orodha ni ya waimbaji wapya. Wewe una miaka saba kwenye kazi, na leo ndiyo umeacha. Wasomaji watamfuatilia nani?"

"Wiki mbili zilizopita nilikuwa sauti isiyofundishika."

"Na kweli ni hivyo."

"Basi nenda, mama. Utakosa treni."

Foleni ya Chizuru ilikuwa ndefu siku hiyo, ilizunguka nguzo na kurudi. Mbele ya meza ya Honoka hapakuwa na mtu. Mwenyewe alisimama ameshika kingo za meza yake, macho kwenye viatu.

Wa kwanza kwa Chizuru alikuwa Sekizuka, kama kawaida. Mtu wa makamo, mwoka biskuti za mchele, aliyevaa shati la zambarau miaka saba bila kukosa onyesho hata siku ya kimbunga. Aliinama mara mbili.

"Hongera kwa kuhitimu. Leo tumesikia sauti yako mwenyewe. Nilifurahi sana. Mimi nilijua lakini."

"Ulijua nini?"

"Kwamba ni wewe. Tangu onyesho la kwanza, Desemba. Pale kwenye neno 'theluji', unavyolishika. Sisi wachache wa mstari wa mbele tulijua wote."

Chizuru alimtazama kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. "Mlijua mkanyamaza?"

"Hatukutaka kukuharibia. Tulidhani umeridhia."

"Ulikuja kwenye meza hii kila Jumapili. Dakika moja, kila Jumapili. Tukaongea habari za hali ya hewa!"

"Ilikuwa baridi," alisema Sekizuka kwa sauti ndogo.

Msaidizi wa ofisi akainua kamera. Sekizuka akaunda nusu ya moyo kwa vidole, akasubiri Chizuru alete nusu yake kama siku zote. Chizuru hakunyanyua mkono. Kamera ikalia, na picha ikatoka hivyo: mwanamume wa zambarau mwenye nusu ya moyo hewani, na mwanamke anayemkazia macho.

"Sekizuka, bado una tiketi?"

"Ninazo mbili. Zote zako."

"Nenda kapige picha na Honoka."

"Lakini mimi ni wa zambarau..."

"Wewe ni mtu aliyejua akanyamaza, sawa na mimi. Yule pale ndiye pekee aliyesema. Nenda. Na umwambie kitu kingine, si hali ya hewa."

Sekizuka alisitasita, akatazama shati lake, akaenda. Chizuru alimfuata kwa macho mpaka alipomwona anainama mbele ya meza ile tupu, na Honoka akiinua kichwa. Kisha akamgeukia aliyefuata kwenye foleni, kijana mwenye tabasamu na tiketi tatu mkononi.

"Haya. Na wewe ulijua?"